Dungu la bibi na neno cabin

Wiki iliyopita nilikuwa nafasiri kijitabu cha watalii, kurasa 24, na neno moja la herufi tano likanikalisha siku mbili nzima. Cabin. Ukurasa wa 3 ni ya ndege, pale wanapokaa abiria. Ukurasa wa 9 ni ya kulala ndani ya MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Ukurasa wa 15 ni vile vijumba vya mbao vya njia ya Marangu, Mandara na Horombo, wanakolala wapanda Kilimanjaro. Mteja alitaka kote niandike "kebini".

Nilimpigia kwanza baba mdogo, aliyeendesha malori ya Tunduma miaka mingi. Baada ya shikamoo nikamuuliza kebini ni nini. Hakusita: "Ni pale mbele, mwanangu, ninapokaa mimi na utingo, na kitanda changu nyuma ya kiti." Kwake neno hilo lina mwenyewe. Nikiliweka Horombo, kwenye mita 3,720, yeye ataona lori.

Nikalifuata neno kwao. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, walio na cabane. Kusini mwa Ufaransa ni cabana. Na nyuma yake kuna capanna ya Kilatini. Isidore, askofu wa Seville huko Hispania aliyefariki mwaka 636, alieleza kijumba ambacho walinzi wa mizabibu hujijengea ili wakwepe jua na kuwafukuza watu na wanyama wanaovizia mazao. Watu wa shamba, anasema, hukiita capanna, kwa kuwa hukaa mtu mmoja tu.

Nikaweka kalamu chini. Hilo si dungu?

Bibi yangu alilima mpunga bonde la Kilombero, mwendo mrefu kutoka Ifakara, na msimu wa kuamia ndege ulipofika alihamia shambani kabisa. Dungu lake lilisimama juu ya nguzo, sakafu ya fito, paa la nyasi, na ngazi ya miti iliyolegea hatua ya tatu. Likizo nilipelekwa kumsaidia. Alfajiri, kabla umande haujakauka, kwelea kwelea walishuka kama moshi, na sisi tukagonga madebe, tukapiga kelele, tukarusha madongo kwa kombeo mpaka mabega yakawaka. Jua likipanda wanatulia kidogo. Ndipo bibi alipokoka moto chini na kuinjika chungu. Jioni wanarudi. Usiku ni zamu ya nguruwe. Nililala nimebanwa kati yake na ukingo wa fito, nikisikia maji ya mashambani chini yetu, na sijawahi tena kulala salama vile. Isidore angekosea kwetu kwa jambo moja tu: tulikaa wawili.

Neno hilo lina jamaa mwingine, cabinet, yaani chumba kidogo cha ndani. Katika karne ya 17 Waingereza waliwaita hivyo washauri waliokutana faraghani na mfalme. Mawaziri wetu sisi tuliwapa baraza, pale mbele ya nyumba unapokaa na kila apitaye anakuona. Hapo nasema wazi, nalipenda letu.

Basi ndege nimeandika "sehemu ya abiria". Liemba ni "chumba", kama mama alivyokiita tuliposafiri nayo kutoka Kigoma kwenda Kasanga, vitanda viwili kimoja juu ya kingine. Mlimani nilitamani kuandika dungu, lakini dungu lina shamba lake, na Horombo hakuna mpunga. Nimeandika "kibanda".

Mteja amekirudisha jana. Anasema kibanda kinaonekana cha kimaskini, wageni wanalipa dola. Nimemjibu kwa barua ndefu, nikamweleza walinzi wa mizabibu na bibi yangu, na nikakiacha kibanda palepale ukurasa wa 15.