Nilijua na wewe umechoka

Kila Jumamosi saa nne asubuhi utanipata huku Kisauni, Mombasa, kwa chumba cha madrasa tulichoazimwa na ustadh, tuko watu wazima sita, kuna nesi, kuna fundi wa friji, mie nashika vitabu vya hesabu kwa ofisi ya mizigo bandarini, hatulipwi hata nauli na tunakaa na vijana ambao shule imeanza kuwaponyoka.

Watu huniuliza mbona wakwame na shule za kutwa ni bure. Kweli serikali iliondoa karo ya masomo tangu 2008, na mgao uliowekwa ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, lakini lanchi ni ya mzazi, sare ni ya mzazi, nauli ni ya mzazi, alafu mtoto akirudishwa nyumbani wiki mbili kwa pesa ya lanchi akija kurudi wenzake washafika mbali, anaona haya kuuliza, hapo ndipo anapopotelea.

Kuna kijana wa fomu tatu alikuwa ashaacha kabisa, anabeba magunia soko la Kongowea. Mamake ndo alimleta. Siku ya kwanza ni "shikamoo ticha" na basi, hanitazami. Nikaomba daftari lake la hesabu, mbele ni makosa matupu ya kalamu nyekundu, lakini kurasa za nyuma alikuwa ameandika kibarua chake, vitunguu magunia mangapi, viazi mangapi, nani amelipa nani bado, na nilipozijumlisha zote zilikuwa sawa! Nikamwambia aljebra tutaanzia hapa, gunia la vitunguu tuliite x. Akacheka kidogo.

Alafu mwisho wa mwezi kazi ikanibana, nikakosa Jumamosi mbili bila kumwambia mtu. Ya tatu nimefika, kijana hayupo. Nikapanda matatu mpaka Kongowea nikamkuta ana gunia mgongoni, akalitua, akaniambia polepole, "Nilijua na wewe umechoka." Wallahi sikulala usiku ule. Hotuba za jitahidini mtafika nimeziacha tangu siku hiyo, nikiwa siji napiga simu, na yeye asipokuja nampigia.

Nesi wetu naye ana msichana aliyejifungua mwaka jana, shule ilikuwa inamzungusha, akaenda naye mpaka ofisini na ule mwongozo wa serikali wa 2020 wa kurudisha wasichana shuleni, wakaketi mpaka akaandikishwa.

Kijana wangu amerudi darasani muhula huu, mwalimu mkuu amekubali lanchi ilipwe kidogo kidogo. Saizi kinachomsumbua ni kemia, na sisi sote sita kemia tulishaisahau. Kama uko Kisauni, Mtopanga ama Bamburi na unaiweza, tafadhali njoo, hata Jumamosi moja kwa mwezi, bora tu ukisema utakuja, uje.