Saa ya Mkononi, Daftari na Safari Zangu za Usingizini

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikilala na saa ya mkononi inayopima usingizi, na kila asubuhi, kabla sijashuka kitandani, naandika katika daftari muda niliolala, muda nilioamka na dalili yoyote ya kwamba nilitembea usingizini. Nilianza baada ya mke wangu kunikuta mbele ya mlango wa nje, macho yamenitoka, nikihangaika na kitasa. Kulipokucha sikukumbuka lolote. Tuna mtoto mchanga, na hofu niliyoipata siku ile haijaisha.

Nilitarajia kwamba saa ingenieleza kila kitu. Haikuwa hivyo, kwa sababu haisomi mawimbi ya ubongo. Hukisia tu hatua za usingizi kutokana na mapigo ya moyo na mijongeo ya mkono, hivyo usiku niliotembea iliandika kwamba nilikuwa macho kwa dakika kadhaa. Hata hivyo, haikukosea kabisa, kwani kwa anayetembea usingizini sehemu fulani za ubongo huwa zimeamka ilhali nyingine zingali zimelala.

Faida ilianza nilipolinganisha kumbukumbu za saa na daftari. Kati ya matukio 7, matukio 6 yalitokea katika saa 2 za kwanza za usingizi, yaani katika theluthi ya kwanza ya usiku, ambapo usingizi mzito ndio hutawala. Lakini lililonishangaza zaidi ni jingine: nilikuwa nikiulaumu usiku wa kulala kidogo, kumbe karibu kila mara nilitembea usiku uliofuata, nilipolala mapema ili kufidia. Ubongo unaolipa deni la usingizi huzama zaidi, na kelele au kibofu kilichojaa kikiushtua, huamka nusunusu. Bila daftari nisingeliona hilo, maana usiku wa kufidia ulionekana kwenye saa kuwa usiku mzuri kuliko yote.

Sasa nalala kwa muda uleule kila siku, na mlango una kengele. Daktari alipopitia kurasa zangu aliuliza kwanza kama ninakoroma, kwa kuwa pumzi inayokatika usingizini inaweza kuchochea matukio haya. Mke wangu alijibu kabla yangu: ndiyo, sana. Nimepangiwa kulala maabara wiki ijayo, nikiwa nimebandikwa vihisio kichwani na kifuani, na daftari nitalichukua.