Siku moja maishani mwangu: S100A12 na zinki isiyoalikwa

Saa 2 asubuhi. Gramu 10 za bakteria zinatoka kwenye friza. Ndani yake kuna S100A12 ya binadamu, protini ambayo nutrofili, seli nyeupe za damu zinazotangulia kufika, huimwaga penye uvimbe ili kuita wenzake. Ina asidi amino 91 tu na uzito wa takriban kilodaltoni 10.4. Sikuipachika mkia wa histidini wa kurahisishia usafishaji. Protini yenyewe hushika zinki kwa histidini tatu na aspartati moja, hivyo mkia huo ungegombania zinki, na kolamu ya nikeli inayoshika mkia huo ingeweza kuacha nikeli palepale pa zinki.

Saa 3. Kupasua seli kwa mawimbi ya sauti: sekunde 10 kuwasha, 20 kuzima, chombo kikiwa kwenye barafu. Kisha sentrifuji, dakika 30. Bafa, kimiminika kinachotuliza pH, ni Tris 20 mM, pH 7.5. Fosfeti marufuku. Ikikutana na kalsiamu huganda, na wiki ijayo utashangilia fuwele za chumvi badala ya zile za protini tunazozitafuta ili kuona umbo lake.

Saa 4. Kolamu ya fenili, yaani bomba la punje zinazokwepa maji, na hii ndiyo hatua ninayoipenda, kwa sababu muundo wa protini ndio unaofanya kazi. Kila molekuli ina mifuko miwili ya kalsiamu. Kalsiamu ikiingia kwenye mfuko wa pili, helisi (kipande kilichojisokota) ya tatu hugeuka na kufichua bonde linalokwepa maji. Bonde hilo hunata kwenye fenili. Basi naongeza kalsiamu kloridi hadi 5 mM, napitisha, naosha mpaka mstari wa 280 nm, mwanga ambao protini hufyonza, ushuke chini kabisa, halafu naleta EDTA 10 mM, kemikali inayonyakua kalsiamu. Kalsiamu inanyang'anywa, bonde linajifunga, protini inashuka ikiwa karibu safi. Kosa la kila mara ni kusahau EDTA iliyotiwa wakati wa kupasua seli: 5 mM yake humeza 5 mM ya kalsiamu, na protini yako hupita pamoja na uchafu.

Saa 6 mchana. Kupima kiasi. Hakuna triptofani hata moja, tairosini ni mbili, kwa hiyo 1 mg/ml husoma 0.29 tu kwenye 280 nm. DNA kidogo iliyobaki inatosha kudanganya, kwa hiyo 260 nm husomwa pia. Sisteini haipo, hivyo DTT, kemikali ya kulinda sisteini, ni kupoteza chupa.

Saa 7. Kolamu ya kuchuja kwa ukubwa, ili kuiondoa EDTA yote. Protini hutoka mahali pa kilodaltoni 21, si 10: molekuli mbili zimekumbatiana kwa helisi ya kwanza na ya nne.

Saa 9 alasiri. Matone ya kukuzia fuwele. Protini ya 10 mg/ml ni karibu 1 mM, kila molekuli inataka kalsiamu mbili, kwa hiyo 2 mM ndiyo kima cha chini. Natia 5. Tone ni mikrolita 1 ya protini na 1 ya myeyusho wa chini, juu ya mikrolita 500. Kalsiamu isizidishwe kiholela: muundo uliotolewa 2002 ulionyesha jozi tatu zikishikamana kuwa kundi la molekuli sita, kalsiamu za ziada zikiwa gundi katikati yao. Hilo linaweza kuwa ndilo unalolitaka, au sivyo.

Saa 10. Fuwele za sahani ya zamani, milimita 0.2, zinavuliwa kwa kitanzi, zinachovywa kwenye gliseroli asilimia 20, kisha nitrojeni kimiminika. Gliseroli hiyo nayo iwe na kalsiamu ileile. Ukiisahau, fuwele hupasuka machoni pako.

Saa 11 jioni. Data za sinkrotroni, mashine ya eksrei kali, za wiki iliyopita. Fuwele za mpangilio wa R3, kama zile za muundo wa kwanza wa 2001 uliofika uwazi wa angstromu 1.95 (angstromu ni moja ya bilioni kumi ya mita), na muundo huo ndio kielelezo changu. R3 ina tabia ya kupacha fuwele, yaani mbili kukua zikiwa zimeingiliana, kwa hiyo kwanza natazama wastani wa mraba wa ukali wa madoa ya eksrei ukigawanywa kwa mraba wa wastani. Ukikaribia 2.0 ni salama, ukishuka kuelekea 1.5 fuwele ni pacha.

Saa 12. Ramani ya elektroni, inayoonyesha atomu zilipo. Mfuko wa pili uko sawa: Asp61, Asn63, Asp65 (herufi ni asidi amino, namba ni nafasi yake), oksijeni ya uti wa mnyororo kwenye Gln67, oksijeni mbili za Glu72, na maji. Saba, kila moja kwenye angstromu 2.4 hivi. Zingekuwa sita kwenye 2.1, ningeshuku magnesiamu. Mfuko wa kwanza, wenye kitanzi cha asidi amino 14, hutegemea zaidi oksijeni za uti.

Shida iko kwingine. Kati ya His15 na Asp25 za molekuli moja na His85 na His89 za mwenzake, pana tone la elektroni lenye miguu minne tu. Zinki hukaa hapo hapo na kuzishona molekuli mbili za jozi, ila mimi sikuitia. Ni uchafu wa kemikali au vyombo? Ramani pekee haitoshi. Ukingo wa zinki, urefu wa wimbi ambapo ufyonzaji wake wa eksrei hubadilika ghafla, uko kwenye angstromu 1.284, kwa hiyo fuwele iliyogandishwa saa 10 itapigwa eksrei mara mbili, 1.28 na 1.29. Ishara ikionekana kwenye ya kwanza na kutoweka kwenye ya pili, ni zinki. Naandika urefu wa mawimbi yote mawili kwenye fomu ya maombi na kuzima taa.