Siku yangu Malindi: kuhesabu umri wa ugonjwa

Saa kumi na mbili asubuhi. Nawasha laptopu mapema, kabla jua la Malindi halijawa kali. Kazi yangu ni takwimu za vinasaba: natafuta alama za jeni, yaani sehemu za vinasaba zinazotofautiana kati ya watu, zinazohusiana na umri ambao mtu hugunduliwa ugonjwa. Swali ni lini, si nani tu.

Saa mbili. Mahamri na mbaazi, kisha faili za data. Kijana ninayemfundisha ananiuliza, "Dada, hawa ambao hawajaugua si tuwafute? Safu ya umri wa ugonjwa iko tupu." Hapo nakaa naye sana. Mzee wa miaka 70 asiyeugua ametuambia jambo zito: miaka 70 imempita salama. Ukimfuta unabaki na wagonjwa watupu, na wastani wa umri unashuka kwa uongo. Namchorea kila mtu mstari wake: aliyeugua nautia nukta mwishoni, ambaye bado nautia mshale. Wanatakwimu Kaplan na Meier walionyesha namna ya kuwahesabu wote wawili mwaka 1958. Mwaka 1972 mwanatakwimu David Cox akatupa modeli, yaani hesabu ya kuwalinganisha wenye alama fulani ya jeni na wasio nayo. Ndiyo tunayoendesha hadi leo.

Saa tano. Matokeo ya kwanza. Kijana anafurahia alama moja, namzuia. Ukipima alama milioni moja kwa kipimo cha kawaida cha 0.05, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 5 kwa kila 100, bahati peke yake itakupa kama alama 50,000 za uongo. Ndiyo maana kizingiti chetu ni 0.00000005.

Saa saba, stima imepotea. Swala, chakula.

Saa tisa. Naongea na sista wa kliniki ya selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto huzaliwa na ugonjwa huu, lakini mmoja hugunduliwa akiwa na miezi, mwingine akiwa tayari anaenda shule, kwa kuwa kwao ni mbali na kipimo hakuna. Umri ulioandikwa kwenye kadi ni wa kugunduliwa, si wa kuanza kuumwa. Tusipotia umbali wa hospitali ndani ya modeli, tutaisingizia jeni kosa la barabara. Hili linaniuma kweli, maana nyuma ya kila namba kuna mtoto aliyelia usiku kwa maumivu ya mifupa.

Saa kumi na moja. Namwandikia sista: "Tafadhali tuongeze safu mbili, kijiji anakotoka mtoto, na umri ambao mama anakumbuka mtoto alianza kuvimba vidole."