Mistari Miwili Niliyoisahau Kwenye Faili

Usiku ninaoukumbuka ni ule nilioamua kuihamishia kwenye makontena, yaani vifurushi vinavyoendesha kila sehemu kivyake, programu niliyokuwa nimeitunza kwa miaka kadhaa. Ilikuwa imesakinishwa moja kwa moja juu ya seva ya Ubuntu, na kila lilipotoka toleo jipya la PostgreSQL, mfumo wangu wa hifadhidata, nilishikwa na wasiwasi, kwa kuwa kuigusa sehemu moja kulivuruga nyingine. Nilipanga makontena matatu, la kwanza la programu yenyewe, la pili la hifadhidata na la tatu la Redis iliyoshika foleni ya kazi, yote yakielezwa katika faili moja la Docker Compose, chombo cha kuwasha makontena kadhaa ya Docker kwa pamoja.

Niliyawasha, na yote matatu yakawaka. Baada ya sekunde chache kontena la programu likazima, likawaka tena, likazima tena. Logi, yaani kumbukumbu za matukio, zilieleza kwamba muunganisho na hifadhidata umekataliwa kwenye localhost, poti 5432, mlango wa kawaida wa PostgreSQL.

Nilikuwa nimeiacha anwani hiyo kama ilivyokuwa katika mipangilio ya zamani, bila kutambua jambo ambalo leo humweleza kila anayeanza kabla hajaandika mstari wa kwanza: kila kontena lina mtandao wake, na localhost ikitajwa ndani yake humaanisha kontena lenyewe, wala si seva inayolibeba au kontena jirani. Programu yangu ilikuwa ikijipigia hodi yenyewe. Mimi nikadhani kwamba poti imefungwa, basi nikaongeza kwenye sehemu ya hifadhidata mistari miwili ya kuifungua poti 5432 kwenye seva. Haikusaidia kitu. Ni baada ya kurudi kwenye nyaraka na kuzisoma kwa utulivu ndipo nilipoelewa kwamba Compose huyaundia makontena mtandao wa pamoja, na kwamba humo jina la huduma ndilo anwani yake. Nilipoandika «db», jina la huduma ya hifadhidata, mahali pa localhost, programu iliipata hifadhidata papo hapo.

Ilibaki kasoro moja, kwamba kila nilipoyawasha yote upya programu ilianguka mara moja kabla ya kusimama. Sababu ni kuwa depends_on, agizo la kungoja huduma nyingine, ikiandikwa peke yake husubiri kontena la hifadhidata lianze tu, haisubiri PostgreSQL iwe tayari kupokea maombi. Niliweka kipimo cha afya kinachoendesha pg_isready, amri inayouliza kama PostgreSQL iko tayari, nikaongeza sharti la service_healthy ili programu isubiri hadi kipimo kipite, kisha nikaenda kulala nikiwa nimeridhika. Ile mistari miwili ilibaki ndani ya faili.

Asubuhi nilifungua logi za hifadhidata kwa desturi tu, nikakuta kurasa nzima za majaribio ya kuingia kwa jina la postgres, kila moja likikataliwa kwa nenosiri lisilo sahihi. Nilihisi baridi mwilini, kwa maana data iliyokuwa mle haikuwa yangu. Watu walikuwa wameniamini nayo. Tena sikuelewa imewezekanaje, kwani ngome ya seva (firewall), niliyoisimamia kwa programu ya ufw, iliruhusu poti 22, 80 na 443 peke yake. Nilijaribu kuunganisha kutoka kompyuta iliyo nje kabisa ya mtandao huo, na PostgreSQL ikaniitikia.

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi Docker inavyofungua poti. Huandika kanuni zake yenyewe katika iptables, mfumo wa Linux wa kuchuja na kuelekeza pakiti za data, kanuni ambazo huigeuza anwani ya pakiti mapema na kuielekeza kwenye kontena, hivyo pakiti hupita njia ya kusafirishwa mbele badala ya njia ya kuingia kwenye seva, na marufuku ya ufw niliyoyategemea yamewekwa kwenye njia hiyo ya kuingia. Amri ya kuonyesha hali ya ngome iliniambia kwamba 5432 haijaruhusiwa, nayo ilisema kweli kuhusu kanuni zake. Tatizo ni kwamba pakiti hazikuzifikia kanuni hizo.

Niliifuta mistari ile na kuwasha tena. Kontena la hifadhidata liliundwa upya, na data ilibaki salama kwa sababu ilikuwa kwenye voliyumu, yaani hifadhi isiyofutika pamoja na kontena. Kubadilisha nenosiri kulinichukua muda zaidi ya nilivyotarajia. Nilirekebisha POSTGRES_PASSWORD katika mipangilio, kumbe thamani hiyo husomwa mara moja tu, saraka ya data inapoundwa ikiwa tupu, kwa hiyo nenosiri la zamani liliendelea kufanya kazi hadi nilipoingia ndani ya hifadhidata na kulibadilisha kwa amri ya ALTER USER. Kisha nilipitia logi za usiku kucha mstari kwa mstari, nikitafuta jaribio hata moja lililofanikiwa. Sikulipata.

Kabla ya kuondoka nilirudi kwenye ile kompyuta ya nje nikajaribu tena poti 5432, na safari hii PostgreSQL haikuniitikia.