Tulivyorusha kupamba hadi Muscat bila picha kuvuka mlango

Bimkubwa aliyenifungulia mlango Kibokoni, Mombasa, hakuniuliza bei. Alinikaribisha juu, akaniwekea kahawa na kaimati, akangoja nimalize kikombe cha kwanza. Ndipo akasema: "Mwanangu, hiyo picha ikishatoka hapa, nani ataiona?"

Mjukuu wake alikuwa anaolewa. Dada mkubwa wa Bimkubwa, aliyemlea mama wa bi harusi, yuko Muscat tangu alipoolewa huko, na magoti hayamruhusu tena kupanda ndege. Nikaha, kule kufunga ndoa kwenyewe, hakuwa na haja nayo. Alichotaka ni kumwona mtoto akipambwa. Na kupamba, kwa wasioijua Mombasa, ni usiku wa wanawake peke yao.

Kampuni yetu ya kupiga video za sherehe ni ndogo, watu sita, wanne wanawake, na ofisi ni chumba kimoja Makadara, hapa hapa Mombasa. Tunafanya mahafali ya shule na madrasa, maulidi, uzinduzi wa biashara, mikutano ya mashirika, ila harusi ndizo zinazotulisha. Kazi ya mubashara tuliingia mwaka 2020. Tarehe 8 Aprili, Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa kwa korona, hakuna kuingia wala kutoka, na Mombasa ilibaki hivyo mpaka Julai 7, na usiku kafyu. Hata mji ulipofunguliwa, harusi zilibaki na kikomo, na hata kilipopandishwa hadi watu 100, kwa ukoo wa Kiswahili 100 hawatoshi hata upande wa bwana harusi. Basi tukawa tunarusha nikaha, simu moja juu ya stendi, msikitini, na jamaa wa Dubai, London na Toronto wanafuatilia. Nikaha haina shida kwa mpiga picha. Ni jambo la hadharani, na dini yenyewe inataka litangazwe. Bandika maiki ndogo kwa anayeozesha na nyingine kwa bwana harusi, neno "nimekubali" lisikike vizuri, na kazi yako imekwisha.

Kupamba ni kinyume cha hayo yote. Mwanamke anayejisitiri mwaka mzima anaingia ukumbini, anavua buibui mlangoni, nywele amezitengeneza, gauni ameshona kwa usiku ule mmoja. Anacheza. Anawatunza waimbaji kwa pesa. Anakaa na wenzake bila kujifunika kwa sababu ameuamini mlango. Mimi kamera nimeibeba ndani ya mlango huo miaka mingi, na nakiri kwamba mwanzoni sikuuelewa uzito wake.

Nilikuja kuuelewa kwa kosa. Wiki moja nilikuwa na harusi tatu, nikazidiwa, nikapeleka kazi ya kuhariri kwenye studio moja. Nilisema kwa mdomo tu, "Hizi ni za wanawake, tafadhali." Kijana wao akakata sekunde 14, akaziweka kwenye ukurasa wao kuonyesha alivyosawazisha rangi. Zilikaa saa tano kabla sijaambiwa. Katikati ya zile sekunde alikuwapo mama mmoja anacheza, kichwa wazi, mikono juu, anacheka. Ni mwalimu wa madrasa.

Picha ziliondolewa, lakini picha ikishatoka imetoka. Niliona aibu kumtuma mtu, na simu niliona haifai. Nilikwenda mwenyewe na mama yangu. Yule mwalimu hakugomba. Alitumiminia chai, akaniambia: "Mimi nilikuona na kamera. Nikasema, huyu ni mwenzetu, nikaendelea kucheza."

Baadaye niliisoma Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kwa makini, na mikataba yetu yote nikaiandika upya. Lakini nikisema kweli, sikubadilisha kazi kwa ajili ya sheria. Nilibadilisha kwa ajili ya sentensi ile.

Tangu siku hiyo, kazi za wanawake zinapigwa, zinahaririwa na kukabidhiwa na wanawake. Kompyuta ya kuhariria haijawahi kuunganishwa na intaneti, hata programu zake naziingiza kwa flashi. Kadi za kamera zina nambari, na kila moja inaandikwa daftarini ikitoka na ikirudi. Mlangoni tunakusanya simu kwa vibandiko vya nambari, kama viatu msikitini siku ya Ijumaa, na kazi hiyo nawapa wamama wawili wa familia, maana mgeni akikataa kutoa simu yake, mtu wa kampuni hawezi kumlazimisha, shangazi yake anaweza.

Kigumu kilikuwa sauti. Wapiga picha wanawake Mombasa wapo wengi siku hizi, lakini mafundi wa sauti karibu wote ni wanaume, na sauti ndiyo moyo wa sherehe. Mtu atavumilia picha yenye giza kidogo. Spika zikianza kupiga mluzi, ukumbi mzima unaziba masikio na somo, kungwi wa bi harusi anayeongoza nyimbo, anasimamisha wimbo. Zamani tulimweka fundi nyuma ya pazia, anafanya kazi kwa kubahatisha, haoni nani ameshika maiki. Sasa fundi wetu anakuja asubuhi, anafunga spika, anajaribu kila maiki, na kabla ya magharibi ameshaondoka. Miksa, mashine ya kusawazisha sauti, anamwachia msichana wetu, aliyekuja kwetu kupokea simu za ofisi na akaonekana ana sikio.

Walipoanza, fundi alimwekea alama kwa rangi ya kucha. Nyekundu ni pale kitufe kinapotakiwa kukaa somo akizungumza, nyeupe akiimba, na doa jeusi ni mahali pasipovukwa. Ile miksa hadi leo ina madoa yake, na zamani zile hakuwa akiondoa macho kwenye rangi. Siku hizi anafumba macho na kusikiliza.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuhusu vigelegele. Ukipanga sauti kwa mtu anayezungumza, mambo yanakwenda sawa mpaka bi harusi anapoingia. Kigelegele kimoja karibu na maiki, taa za miksa zinakuwa nyekundu, na aliye mbali anasikia mkwaruzo tu. Na wakati wa vigelegele ndio wakati wenyewe, hauji mara ya pili. Kwa hiyo tunaiweka sauti chini kuliko inavyopendeza mwanzoni, ili kuwe na nafasi ya kupanda, na tunaning'iniza maiki mbili juu ya ukumbi, mbali na jukwaa, ili kelele za furaha ziingie zikiwa zimepoa.

Haya tulikuwa nayo tayari Bimkubwa aliponiuliza swali lake. Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Nilimwomba siku tatu.

Nilichomrudia nacho kilikuwa hiki. Hakutakuwa na kiungo cha kutumiana. Picha itatoka ukumbi mmoja na kuingia sebule moja, basi. Simu za video za WhatsApp Oman hazikuwa zikipita, kwa hiyo tukatumia Zoom, mshiriki mmoja tu, na neno la siri tukaambizana kwa mdomo bila kuliandika popote. Sebule ikishaingia, mkutano unafungwa asiingie mwingine, na kurekodi kunazimwa. Lakini nilimweleza Bimkubwa wazi kwamba hakuna programu inayoweza kumzuia mtu kuelekeza simu yake kwenye televisheni. Hilo ni la watu. Akanyamaza kidogo, akampigia mpwa wake Muscat nikiwa pale pale: "Utakaa mlangoni na kapu. Simu zote kapuni, hata yako." Kisha akanigeukia: "Haya, sema bei."

Mtandao niliujaribu Jumamosi mbili kabla, saa tatu usiku, muda ule ule wa sherehe. Wengi hupima mchana na kufurahi, kumbe usiku wa Jumamosi mtaa mzima uko mtandaoni. Na hupima kasi ya kushusha, wakati anayerusha anahitaji kupandisha. Kwa picha ya ubora wa 720 nilitaka kasi ya Mbps 3 (megabiti kwa sekunde) zisizoyumba, sikutafuta 20 za kupanda na kushuka. Tulikuwa na waya wa ukumbi, na ruta ya laini ya simu kando kama akiba. Jenereta ya ukumbi ilikuwapo, lakini stima ikikatika jenereta huchukua muda kushika, na muda huo mfupi unatosha kuzima kila kitu. Ruta na kompyuta zikakaa kwenye UPS, betri inayoshika papo hapo stima ikikatika. Stima ilikatika kweli, saa mbili na nusu, taa zikazima, wanawake wakaguna, zikarudi. Muscat waliona giza kidogo tu, wala hawakukatika.

Jambo moja zaidi nilikuwa nimeliandaa, na nalishukuru hadi leo. Kwenye kifaa cha kuchagua kamera nilibandika utepe mweusi juu ya kitufe kimoja. Ukikibonyeza, Muscat haioni ukumbi tena. Inaona picha ya vikuba vya asumini kwenye sinia, na sauti inakatika.

Bi harusi aliingia saa tatu kasorobo, kwa Muscat saa nne kasorobo. Nilikuwa nimekaa pembeni ya jukwaa, skrini ndogo mbele yangu ikionyesha sebule yao: wanawake kama kumi na tano, chetezo kinafuka katikati, na bibi kwenye kiti karibu na televisheni, miwani mkononi. Alipomwona mjukuu wake hakusema neno. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

Kama dakika kumi baadaye nikasikia kutoka kule: "Mwanamume! Mwanamume!" Kidole changu kilikuwa kwenye utepe mweusi kabla sijafikiri. Kijana wa nyumba ile alikuwa ameitwa na mtoto aje aongeze sauti ya televisheni, akaingia bila kujua. Alichokiona ni asumini. Alikaa dakika mbili akihangaika na rimoti, akatoka, yule wa kapu akafunga mlango, akaniinulia mkono. Nikarudisha picha. Ukumbini hakuna aliyejua isipokuwa Bimkubwa, aliyekuwa ananitazama mimi badala ya jukwaa.

Kisha bibi wa Muscat akaomba kuimba.

Hatukuwa tumelipanga hilo. Alitaka vugo, na vugo ni pembe na vijiti, mmoja anaongoza na wengine wanaitikia. Sauti kutoka Muscat inachelewa nusu sekunde, wakati mwingine zaidi, na mapigo hayangoji. Mkijaribu kupiga pamoja mtapishana mara moja, kila upande ukiona mwenzake ndiye aliyechelewa. Nilimkimbilia somo nikamweleza kwa maneno machache. Alinielewa kabla sijamaliza: "Pembe zinyamaze. Aimbe peke yake mpaka mwisho wa ubeti. Akishusha pumzi, ndipo sisi."

Tatizo la pili lilikuwa kwenye miksa. Sauti ya bibi ilipaswa kutoka kwenye spika za ukumbi lakini isirudi kwake, la sivyo angejisikia mwenyewe kwa nyuma akapotea. Maiki za juu zingeidaka tu. Msichana wetu akaweka vidole viwili kwenye vitufe vya maiki hizo. Bibi akiimba, anazishusha. Macho yake yako kwenye mkono wa somo. Mkono ukipanda, anazipandisha, na ukumbi wa wanawake mia tatu unaitikia, pembe zinalia, vigelegele, halafu mkono unashuka na vidole vinashuka nao. Beti nne walikwenda hivyo. Sauti ya bibi ilikuwa nyembamba na ilitetemeka kwenye herufi ndefu, na kila alipotetemeka ukumbi ulizidi kunyamaza. Kwenye ubeti wa tatu alisahau neno. Ukumbi ukamwambia. Lilimfikia limechelewa, akacheka, akalisema.

Muziki wa taarab wa Mombasa nimekulia nao, kanda za Zuhura Swaleh na Malika zilikuwa hazitoki kwenye redio ya mama. Lakini sijasikia kitu kama kile.

Tulimaliza saa sita na robo. Tuliwarudishia wageni simu zao, hazikupungua hata moja, tukakunja nyaya. Siku ya tisa nilipanda tena ngazi za Kibokoni na flashi moja na daftari. Mbele ya Bimkubwa nikafuta kadi zote nne, moja moja, akizihesabu kwa sauti, kisha akatia sahihi. Aliniuliza kama kuna nyingine imebaki ofisini. Nikamwambia hakuna, na kwamba wao wakiipoteza hii mimi sina ya kuwapa.

Aliitazama ile flashi, akaiweka kwenye pindo la leso aliyojifunga, akapiga mafundo mawili. Kisha akauliza kama nimeshakula.