Riwaya za taharuki kwenye darasa la kipaimara: uzoefu wangu

Vijana wa kipaimara wanajua majibu yote. Waulize kuhusu kusamehe, watakutajia saba mara sabini kabla hujamaliza swali, na mmoja atakuongezea sura na mstari. Nafundisha darasa hilo kwenye usharika wetu hapa Moshi, Jumamosi mchana, na shida yangu haijawahi kuwa ujinga. Shida ni kwamba wanajibu kwa sauti ya mtihani, halafu wakitoka nje wanamtania mwenzao mpaka anaondoka peke yake kwa njia ya nyuma.

Dawa niliyoijaribu ni riwaya za Kikristo, nilizozipata kwenye maboksi ya vitabu yaliyoletwa na usharika rafiki wa Marekani. Yalikaa stoo, yamebebana na viti vibovu. Nikaanza kuchukua kimoja kimoja na kusoma usiku kwa raha zangu. Nyingi ni za taharuki: mtu kapotea, polisi wamekwama, mchungaji ana siri. Nyingine ni za vijana wa sekondari. Kusema kweli baadhi ni dhaifu. Mwovu unamjua ukurasa wa kumi, na mwisho kila mtu anatubu kwa aya moja. Lakini nilipofika kwenye riwaya moja ya Frank Peretti ya mwaka 2001, Hangman's Curse, nikajua hii nitaipeleka darasani.

Kisa chake kwa kifupi. Kuna shule ya sekondari huko Marekani ambako wanamichezo, wale wababe wa shule, wanaanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Wanaweweseka, wanapiga kelele za hofu na kutaja jina la mzuka, kijana anayesemekana alijinyonga shuleni hapo miaka mingi nyuma. Familia moja ya wapelelezi inatumwa, na watoto wao mapacha, Elijah na Elisha, wanaingia shuleni kama wanafunzi wa kawaida. (Elisha ni msichana. Darasa langu lilicheka hadi nikaomba utulivu.) Peretti anayajua anayoyaandika: alizaliwa na uvimbe shingoni, utotoni akaonewa sana shuleni, na aliyaeleza hayo mwenyewe katika kitabu kingine mwaka mmoja kabla ya riwaya hii.

Sisomi nao neno kwa neno. Kiingereza cha riwaya kinawachosha, na kitabu chenyewe ni kimoja. Nakisoma chote kwanza peke yangu nikiwa na penseli, kisha ninawasimulia kwa Kiswahili, Jumamosi kwa Jumamosi, na kurasa chache zenye moto ninazitafsiri papo hapo huku nimeshika kitabu. Penseli yangu haiweki alama pale mchungaji wa kwenye hadithi anapohubiri. Hapo huwa naruka. Inaweka alama pale mtu anapolazimika kuchagua na hakuna anayemwona, au pale ambapo mtu anaonewa na wengine wanapita. Nikifika hapo, nafunga kitabu.

Siulizi "wewe ungefanyaje?" Jibu la swali hilo wanalo mfukoni: ningeomba, ningemwambia mwalimu. Nauliza, "Nani alijua?" Basi wanaanza kuhesabu. Wanafunzi wenzake walijua. Walimu walijua, kwa sababu mambo yenyewe yalifanyika koridoni. Rafiki zake waliokuwa wanacheka ili wasiwe wao zamu inayofuata, walijua. Jumamosi moja orodha ilikuwa imefika hapo, kijana mmoja wa kidato cha pili, mkimya, anayesoma bweni, akasema bila kunyoosha mkono, "Mwalimu, hata sisi kule bwenini wote tunajua."

Akaeleza kuhusu njuka mmoja, yaani mwanafunzi mgeni. Anafua nguo za wakubwa kila wikiendi, ndoo yake ya maji huchukuliwa na yeye huoga akipata, na wamempa jina ambalo kijana alilitaja kisha akatazama chini. Hakuna aliyecheka. Nilimwacha amalize, sikumwongezea mstari wa Biblia. Baadaye niliongea naye pembeni, kisha mama yake akaenda kuonana na mlezi wa bweni. Shule nzima haikubadilika kwa sababu hiyo, ila yule njuka alihamishiwa chumba kingine, na kijana wangu akaanza kuchota naye maji.

Sehemu ya pili ya hadithi ndiyo iliyonipa kazi zaidi. Wababe wanavyozidi kuugua, darasa langu lilifurahi. "Si walianza wao? Wacha waone," alisema binti mmoja, na wengi wakampigia makofi. Halafu anatokea mwanafunzi anayevaa nguo nyeusi, anayejidai kumtuma mzuka. Nikafunga kitabu, nikauliza nani mkosaji. Wote, yeye. Kwa nini? Nguo. Macho. Anakaa peke yake. Niliwaacha na hukumu hiyo wiki nzima. Jumamosi iliyofuata niliwasimulia yaliyobaki, na anisamehe asiyetaka kuharibiwa utamu: hakuna mzuka, kuna buibui wenye sumu, na aliyewaleta ni kijana mwingine, mpole, aliyekuwa akionewa vilevile, ambaye hakuna aliyemtilia shaka. Yule binti wa makofi aliniuliza kama sasa ni ruhusa kumhurumia. Nikamwambia amhurumie, na awahurumie na waliong'atwa. Akasema hiyo ni ngumu. Nikakubali kwamba ni ngumu.

Mzee mmoja wa kanisa alinijia baada ya ibada. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza, "Mwalimu, watoto wanatuambia mnasimuliana habari za mizuka. Biblia imekwisha?" Swali lake lilikuwa la haki. Nikamjibu, "Mzee wangu, nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi, alianza na nini?" Akatabasamu, maana anajua. Alianza na hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, akahukumu, ndipo akaambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo." Nathani angeanza na amri ya "Usizini", Daudi angeitikia amina. Mzee akasema sawa, ila nimwombe ruhusa mchungaji. Nilikuwa nimeshamwomba.

Hata hivyo mzee alikuwa na hoja, na si kila kitabu cha stoo nakipeleka. Peretti huyohuyo ana riwaya ya watu wazima iliyochapwa mwaka 1986, This Present Darkness, iliyompa jina duniani. Ni mji mdogo, malaika na mapepo wanapigana juu ya paa za nyumba, na maombi ya waumini ndiyo yanayowapa malaika nguvu. Niliisoma bila kuweka chini. Lakini kila anayempinga mchungaji mle ndani, ukimgeuza nyuma kuna pepo. Msomaji wa Marekani labda anafunga kitabu na kwenda kulala. Kwetu, nchi ambayo vikongwe Kanda ya Ziwa wameuawa kwa sababu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, sitaki kijana wa miaka kumi na nne atoke darasani akimtafuta pepo kwa bibi jirani. Ile ya buibui ilinifaa kwa sababu inakwenda kinyume: kinachodhaniwa mzuka kinafuatwa hadi kwenye mikono ya mtu na sababu zake.

Mfululizo wa riwaya za Left Behind wa LaHaye na Jenkins kuhusu unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa mbinguni ghafla, ulioanza mwaka 1995, nao nimeuacha stoo. Vijana wanaupenda sana, ila mjadala wote unaishia kwenye nani ni Mpinga Kristo, na hapo hakuna anayejitazama mwenyewe.

Mwaka huu nimechanganya na Safari ya Msafiri, kitabu cha John Bunyan ambacho Kiswahili chake kina umri mkubwa kuliko bibi zetu. Bunyan alikaa gerezani Bedford miaka kumi na miwili kwa kukataa kuacha kuhubiri, na kisa cha kitabu hicho kina taharuki kuliko vitabu vingi vya stoo. Nilichokipenda ni kwamba hapa wanasoma wenyewe kwa sauti, kwa kupokezana. Kiswahili chake cha zamani kinawakwaza kidogo, lakini wakikwama mmoja anaangua kicheko na wanaendelea.

Kinachokosekana ni hadithi za namna hii za kwetu. Nimetafuta madukani, kuna vitabu vya maombi, vya ndoa na vya mafanikio hadi basi, riwaya za vijana za Kikristo kwa Kiswahili ni za kuokoteza. Kwa hiyo nilimpa yule binti wa makofi daftari la kaunta. Anaandika kuhusu kwaya ya vijana iliyochanga fedha za kwenda Dodoma kuimba, na siku mbili kabla ya safari bahasha haipo kabatini. Mweka hazina ni mvulana ambaye mama yake amelazwa. Ameshatusomea sura tatu, naye amejifunza kufunga daftari mahali pabaya, kama mimi. Jumamosi iliyopita nusu ya darasa ilisema mvulana ashtakiwe mbele ya kwaya nzima, nusu ikasema kwanza waulizwe wazee waliojua kuhusu ugonjwa wa mama na hawakwenda kumwona. Mwandishi amekataa kusema bahasha iko wapi. Nadhani hata yeye bado hajui.